Naomba ushauri: nawapimaje wapokeaji wa Cincinnati Bengals?

Wakuu, habari za jioni. Naishi Ohio mwaka wa saba sasa, na futiboli ya Kimarekani imeniingia damuni. Kijana wangu ni mpokeaji (yule anayekimbia kudaka pasi) kwenye timu ya shule, kwa hiyo Bengals, timu ya huku Ohio, wakicheza tunakaa na daftari.

Ja'Marr Chase hanipi shida. Msimu wa 2024 aliongoza NFL nzima, ligi kuu ya mchezo huu: pasi 127 alizodaka, yadi 1,708, tachidauni 17 (kufunga kwa kufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani). Mpe pasi fupi tu, anakimbia nayo mpaka mwisho. Tee Higgins ni mrefu, mpira wa juu ukimwendea beki ana kazi. Alifunga tachidauni 10 msimu ule, ila aliumia akakosa mechi 5. Kwa macho yangu udhaifu uko hapo: Higgins asipokuwepo, mabeki wawili wanamwandama Chase, na wengine hawatishi vya kutosha.

Kinachonisumbua ni takwimu. Juzi tulirudisha kipande kimoja cha video mara sita. Mpokeaji alikata kuingia ndani, akamwacha beki hatua mbili nzima, lakini Joe Burrow, mrusha pasi wa Bengals, alikuwa ameshaangushwa chini. Kwenye takwimu hapati kitu, na kazi yake aliifanya vizuri kabisa.

Mnaojua ukocha, mnaanza kuangalia nini: miguu anapokata, mikono, au nafasi anayojitengenezea? Na kumzuilia njia mwenzake anayekimbia na mpira, nako mnakupa alama? Nataka kijana ajifunze vitu sahihi tangu mapema. Naomba msaada wenu.