Kwenda kumwona diwani na bastola kiunoni, Texas: inaruhusiwa au hairuhusiwi?

KatibuWaUmoja

Wakuu, salamu. Umoja wetu hapa kaskazini mwa Texas (wengi tumetoka Kivu ya Kusini, Kongo, na kuna Wakenya na Watanzania kadhaa) tumepata nafasi tatu za kuonana na viongozi wa kuchaguliwa mwezi huu. Ya kwanza ni ofisini kwa diwani wa eneo letu, tutakuwa watu watano, kuhusu taa za barabarani na kituo cha basi. Ya pili ni kikao cha baraza la jiji, ambako tumejiandikisha kuzungumza. Ya tatu, mjumbe wa bodi ya shule ametuambia tukutane mgahawani.

Vijana wawili wa ujumbe huu wana bastola walizonunua kihalali. Wanasema Texas haidai leseni tena, hivyo watakuja nazo kiunoni waziwazi ili tuheshimiwe. Mmoja ni raia wa Marekani, mwingine ana grini kadi. Naomba wanaoijua sheria wanieleze: wapi inaruhusiwa, wapi ni kosa, na vile vibao vya milangoni vina maana gani? Nataka kitu cha kuwaonyesha kabla hatujatoka nyumbani.

Kifungu_kwa_Kifungu

Ndugu Katibu, vijana wameshika nusu ya sheria. Tangu tarehe 1 Septemba 2021, mtu wa miaka 21 na zaidi asiye na katazo la kisheria anaweza kubeba bastola Texas bila leseni, na ikiwa inaonekana lazima iwe ndani ya mkoba wake wa kubebea (holster). Mabadiliko hayo yaliondoa sharti la leseni tu. Orodha ya mahali pasipoingia silaha ilibaki, nayo imo katika kifungu cha 46.03 cha Sheria ya Makosa ya Jinai ya Texas.

Kikao cha baraza la jiji kimo katika orodha hiyo. Katazo linashika chumba ambamo kikao kinafanyika, iwapo ni kikao cha wazi chini ya Sura ya 551 ya Sheria ya Serikali na tangazo lake limetolewa inavyotakiwa. Mwenye leseni na asiye na leseni wote wamo. Kwa hiyo kijana anaweza kusimama ukumbini nje bila kuvunja aya hiyo, halafu jina lake likaitwa, akavuka mlango kwenda kwenye maikrofoni, na hapo hapo ana kosa la jinai. Siku ya pili, basi, bastola haiingii. Hapo hakuna la kujadili.

Ofisi ya diwani ni habari nyingine. Diwani mmoja na wageni watano si kikao cha baraza, kwa sababu akidi haijatimia, kwa hiyo aya ile haiwahusu. Ila angalieni jengo lenyewe. Katika miji mingi midogo mahakama ya jiji inakaa ndani ya jengo hilo hilo la manispaa, wakati mwingine katika chumba kile kile cha madiwani, siku tofauti. Mahakama na ofisi zinazotumiwa na mahakama ni marufuku kwa silaha kwa aya yake yenyewe. Mtu anaingia kumtafuta diwani, anapita dirisha la karani wa mahakama, na huenda tayari yumo mahali pasiporuhusiwa. Pigeni simu mapema mkaulize mambo mawili: ofisi ya diwani iko ghorofa gani, na mahakama inatumia sehemu gani ya jengo.

Mkija kupanda ngazi hadi kaunti, kumbukeni kwamba makamishna wa kaunti mara nyingi wanakutana kwenye jengo la mahakama. Na yule anayeitwa jaji wa kaunti ndiye mwenyekiti wao, hata kama katika kaunti kubwa hasikilizi kesi kabisa.

Mlango_na_Kibao

Naongezea vibao, maana ndipo watu wengi wanapokosea.

Kibao cha 30.06 (namba ni ya kifungu cha sheria hiyo hiyo ya jinai) kinamzuia mwenye leseni anayebeba kwa kificho. Cha 30.07 kinamzuia mwenye leseni anayebeba waziwazi. Vyote viwili vina maneno yaliyowekwa na sheria, kwa Kiingereza na Kihispania, herufi za urefu usiopungua inchi moja, rangi inayotofautiana na ubao, na viwekwe mahali panapoonekana wazi. Sasa vijana wako hawana leseni, kwa hiyo wao wanaangukia kibao cha tatu, cha 30.05, kile cha kuingia mahali bila ruhusa. Mtu anaweza kuisoma 30.07 mlangoni akasema "hiki kinamhusu mwenye leseni, mimi sina", huku cha 30.05 kiko pembeni yake kinamtaja yeye.

Tena kibao si lazima. Mwenye mgahawa akikwambia kwa mdomo utoke na silaha yako, umeshaonywa. Kwa mwenye leseni, kupuuza kibao cha 30.06 au 30.07 ni faini isiyozidi dola 200. Akiambiwa ana kwa ana na akagoma kutoka, kosa linapanda hadi daraja A, ambalo lina kifungo.

Kwenye mgahawa angalieni pia kibao chenye tarakimu 51 kubwa nyekundu. Maana yake biashara hiyo inapata asilimia 51 au zaidi ya mapato yake kwa kuuza pombe ya kunywea hapo. Humo hakuna bastola, iwe wazi au ya kificho.

Na kwa sababu mwenyeji ni mjumbe wa bodi ya shule, angalieni mgahawa uko umbali gani na shule. Sheria ya shirikisho ya 1990 inakataza silaha ndani ya futi 1,000 za eneo la shule, kama mita 300 hivi. Mwenye leseni ya jimbo ametolewa katika katazo hilo, lakini anayebeba bila leseni kwa kutegemea sheria ya 2021 hana kinga hiyo akiwa barabarani na bastola iliyojaa risasi. Pimeni kwenye ramani ya simu kuanzia mpaka wa kiwanja cha shule, si kuanzia lango kuu. Na bodi ikihamishia mkutano ndani ya jengo la shule, imekwisha, hakuna silaha.

Mama_Nuru

Mimi naomba tusimame kwa huyu mwenye grini kadi, maana mzigo wake ni tofauti na wa mwenzake.

Raia akitiwa hatiani anahesabu faini au kifungo, kisha anarudi nyumbani. Asiye raia anahesabu hayo halafu anakutana na sheria ya uhamiaji, inayosema kwamba mgeni aliyetiwa hatiani kwa kununua, kuuza, kutumia, kumiliki au kubeba bunduki kinyume cha sheria anaweza kufukuzwa nchini. Haisemi lazima awe amemdhuru mtu, wala haisemi lazima liwe kosa kubwa. Ile hatua moja ya kuvuka mlango wa chumba cha baraza inaweza kumtenga na wanawe. Kijana huyo asikubali hata kukiri kosa dogo la silaha mbele ya hakimu kabla hajazungumza na wakili wa uhamiaji. Wakili wa jinai peke yake huenda akamshauri alipe yaishe, na kwa mgeni haiishi hapo.

Mwenye grini kadi na aliyepokelewa kama mkimbizi, sheria ya shirikisho haiwazuii kumiliki kwa sababu ya uhamiaji peke yake. Lakini kama katika ujumbe kuna mwanafunzi au mtu mwenye viza ya matembezi, huyo kwa kawaida haruhusiwi hata kushika bunduki au risasi. Upo msamaha, kwa mfano kwa mwenye leseni halali ya uwindaji ya jimbo. Asiye na hati za kukaa nchini haruhusiwi kabisa. "Nishikie kidogo niingie ndani" ni maneno ya hatari: anayepokea amemiliki, hata kwa dakika mbili.

KatibuWaUmoja

Asante sana, wakuu. Nimewasomea vijana. Yule aliye raia anajibu kwamba Katiba inampa haki hiyo popote, na kwamba Wamarekani wenyewe waliingia na bunduki hadi bungeni Michigan bila kukamatwa. Nimjibu nini?

Kifungu_kwa_Kifungu

Mjibu kwa historia yenyewe. Tarehe 30 Aprili 2020 waandamanaji waliingia kweli na bunduki katika jengo la bunge la Michigan mjini Lansing, wengine wakasimama roshani, juu ya maseneta waliokuwa kazini. Siku hiyo sheria za jengo ziliruhusu. Januari 2021 tume inayosimamia jengo ikapiga marufuku kubeba silaha waziwazi humo, na mwaka 2023 ikapanua katazo hadi silaha za kificho, isipokuwa kwa polisi na wabunge wenye kibali. Jimbo la Washington nalo likapitisha sheria mwaka 2022 inayokataza kubeba silaha waziwazi kwenye vikao vya serikali za mitaa. Mwenye ndugu Seattle au Kent asichukue ushauri wa Texas akaupeleka kule.

Kuhusu Katiba: Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 2008 ilithibitisha haki ya mtu binafsi kumiliki silaha, na katika hukumu hiyo hiyo ikasema makatazo ya shule na majengo ya serikali hayaguswi. Mwaka 2022 ilipotanua haki ya kubeba nje ya nyumba, ikataja mabunge, vituo vya kura na mahakama kuwa mahali ambapo katazo lina mizizi ya zamani.

Halafu kuna kifungu cha 42.01 cha Texas, cha kuvuruga utulivu: kuonyesha silaha hadharani kwa namna iliyokusudiwa kutisha ni kosa, hata pale ambapo kubeba kunaruhusiwa. Bastola iliyotulia kwenye mkoba si kosa. Ila kijana anayesema "ili tuheshimiwe", akaandika hivyo kwenye kundi la WhatsApp, kisha akaweka kiganja juu ya kitako cha bastola wakati diwani anasema hana bajeti ya taa, amempa mwendesha mashtaka ushahidi wa nia mkononi.

Mama_Nuru

Na ndani ya ujumbe wenyewe mna wazee waliotoka Fizi na Uvira, kule Kivu. Wanajua mtu mwenye silaha akikaa upande mmoja wa meza, anayezungumza ni nani. Mzee akiiona ile bastola atanyamaza, na yeye ndiye anayevuka ile barabara ya giza saa kumi na moja alfajiri kwenda kazini. Sauti mnayoihitaji pale ni yake.

Mlango_na_Kibao

Mpango wa siku, kwa ufupi. Bastola zibaki nyumbani, kwenye kasha la chuma lenye kufuli. Msizipeleke "kuziacha tu kwenye gari". Magari kwenye maegesho yanavunjwa, na kuvua bastola kiunoni ndani ya gari kumeshawafyatulia watu risasi mapajani.

Kama mmoja atatokea kazini na lazima awe nayo garini, aipakue kabla ya kufika mjini, kwa mpangilio huu: atoe magazini (kibebeo cha risasi) kwanza, avute kitelezi (kipande cha juu kinachoteleza) nyuma risasi iliyo ndani itoke, kisha atazame chemba (pale risasi inapokaa tayari kupigwa) kwa macho na kuigusa kwa kidole. Akianza na kitelezi magazini ikiwa bado ndani, anatoa risasi moja na kupandisha nyingine, huku anaamini bastola ni tupu. Kasha lifungwe kwa kebo ya chuma kwenye mguu wa kiti, lisionekane dirishani.

Kwa diwani pelekeni karatasi moja: ramani yenye nguzo zisizowaka, mkiandika namba iliyobandikwa kwenye kila nguzo, na saa za zamu za watu wanaotumia kituo hicho. Namba ya nguzo ndiyo fundi wa taa anayoitumia kufungua kazi. Bila hiyo, ombi linarudi kwenu kuulizwa "taa ipi?"