Wiki mbili Oslo: nibebe chakula gani toka Kigoma?

Mwana wa Ujiji: Wakuu, naenda mafunzo Oslo wiki mbili. Chumba kina jiko, chakula ni juu yangu na posho ndogo. Nataka kubeba dagaa, mawese na unga. Vitapita?

Fundi Sufuria: Vitapita, ila nyama na maziwa usiguse. Toka huku kwetu ni marufuku kuingiza Norwe, samli imo. Samaki ruksa hadi kilo 20, wewe nusu kilo yakutosha.

Dagaa wachambue vichwa, wakaange hapo hapo nyumbani hadi wakauke, wapoe kabisa ndiyo ufunge. Ukifunga wa moto, mvuke unageuka maji na ukungu unaota. Kule usikaange tena: ving'ora vya moshi vinalia kwa kitu kidogo, na hiyo harufu ni ugomvi na majirani. Watie tu kwenye rojo la nyanya.

Mawese weka begi la kupakiwa, maana la mkononi mwisho ni chupa ya mililita 100. Chupa ya plastiki ngumu, usijaze hadi shingoni, zungushia selotepu kifuniko, kisha mifuko miwili. Yakimwagika, shati halirudi tena. Kwa baridi yataganda. Simamisha chupa kwenye maji moto.

Unga ni gramu 150 kwa mlo. Kilo 2 ni milo 13.

Mnyamwezi wa Cheyo: Na asali ya Tabora, mwisho kilo 2. Asubuhi mkate na asali, umemaliza.

Mboga na mayai nunua maduka ya Rema 1000, Kiwi au Extra. Ukiwa Kiwi tafuta chapa ya bei nafuu, First Price. Soma bei ya kilo, imeandikwa kwa herufi ndogo kwenye kibandiko cha rafu. Pakiti kubwa si lazima iwe nafuu. Jumapili maduka makubwa yanafungwa, vinabaki viduka vidogo vyenye bei ya kukomoa, kwa hiyo nunua Jumamosi.

Maji ya chupa ni kutupa hela, ya bombani ni safi. Ukinunua soda, chupa tupu rudisha kwenye mashine dukani: unarudishiwa kroni (hela ya huko) 2 kwa ndogo, 3 kwa kubwa. Risiti yake unalipia mkate.

Mwana wa Ujiji: Shukrani wakuu. Sembe au dona?

Fundi Sufuria: Lolote. Dona huchacha mapema kwa mafuta ya kiini, ila likisagwa juzijuzi wiki mbili linafika.