Sarafu zenye wanyama: tupeane uzoefu

Wadau, habari za jioni. Naanza na za Tanzania za 1966: senti 5 ina sulisuli, senti 20 mbuni, senti 50 sungura, na upande wa pili zote zina Mwalimu. Nchi ina simba na tembo, lakini sumni akapewa sungura! Aliyekulia hadithi za Sungura na Fisi anaelewa: kadogo, kajanja, kanawatoa jasho wakubwa. Yangu alinipa bibi. Imelika mpaka masikio yanaonekana kwa kuiinamisha kwenye mwanga. Pundamilia wa senti 10 alikuja baadaye, 1977. Nyie mnazo zipi?

Dar: Mimi nakusanya za chenji tu. Jioni namwaga droo ya duka: shilingi 50 ya faru na mtoto wake, swala wa 100, simba wa 200, nyati wa 500. Angalizo, msizisugue kwa ndimu na majivu. Zitang'aa, ila mkusanyaji makini hazitaki tena.

Nairobi: Huku wanyama waliletwa na Katiba. Ya 2010 inakataza sura ya mtu kwenye pesa, basi Desemba 2018 marais wakatoka, wakaingia twiga (shilingi 1), faru (5), simba (10) na tembo (20). Babu yangu hakushangaa. Alifungua kibweta akatoa shilingi ya mkoloni yenye King George na simba, akasema huyu mimi nilimtumia kununulia sukari.

Kampala: Shilingi 500 yetu ina korongo yule wa kwenye bendera. Kwa Baganda ni mwiko wa ukoo wa Ngaali. Ya 100 ina ng'ombe wa Ankole, mama mkwe wangu ni wa Mbarara, huko huko Ankole, nilipomwonyesha alikagua pembe kwanza, akasema "hawa wamejitahidi."

Tabora: Mnaisahau rupia 15 ya dhahabu ya 1916! Tembo kainua mkonga, nyuma yake Kilimanjaro. Wajerumani waliigonga hapa hapa kwenye karakana ya reli, wakati wa Vita vya Kwanza, bahari imefungwa na Waingereza, dhahabu ikitoka mgodi wa Sekenke. Mimi sina, bei yake si ya mshahara wa ualimu. Ukiletewa "tembo wa Mjerumani" stendi, mpeleke kwanza kwa sonara kwenye mizani: ya kweli ina gramu 7 na kidogo.