Mizani ya Beowulf haitimii: washairi wa Kiingereza cha kale walihesabu nini?

mwanafasihi88

Wakuu, habari zenu. Nasoma Beowulf, utenzi wa Kiingereza cha kale, kwa lugha yenyewe, toleo lenye tafsiri pembeni, na nimekwama kwenye arudhi, yaani kanuni za utunzi. Mishororo mitatu ya kwanza ni hii:

Hwæt! We Gardena — in geardagum,
þeodcyninga — þrym gefrunon,
hu ða æþelingas — ellen fremedon.

Nikihesabu mizani napata 5 na 4, kisha 4 na 4, kisha 6 na 5. Vina sivioni, si vya kati wala vya mwisho. Maelezo ya toleo yanasema kinachofunga mshororo ni sauti za mwanzo wa maneno kufanana. Sasa mshororo wa kwanza una g ya "Gar" na g ya "gear", ambayo wanasema inatamkwa y. Wa tatu una æ na e. Hapo kimefanana nini? Na lile pengo la katikati ni sawa na mgawanyo wetu wa ukwapi (kipande cha kwanza) na utao (cha pili), au ni mapambo ya mchapaji?

Kaditama

Ukwapi na utao vipo, na nitayatumia majina hayo hayo maana yanafaa kabisa. Kosa liko kwenye kuhesabu silabi. Washairi wale walihesabu nafasi, na kila kipande kina nafasi 4. Nafasi moja inaweza kubeba silabi moja au zaidi, kwa masharti.

Sharti la kwanza: silabi dhaifu zikifuatana huingia nafasi moja, tuuite mteremko. "Hwæt we" ni mteremko mmoja. "Hu ða" vilevile.

Sharti la pili ndilo linalowatoa watu jasho. Silabi yenye mkazo ikiwa fupi, yaani irabu fupi inayofuatwa na konsonanti moja tu, huungana na silabi inayofuata na zote mbili zikawa pigo moja, yaani nafasi moja yenye mkazo. "Fremedon" ina "fre" fupi, kwa hiyo "freme" ni pigo moja na "don" ni mteremko. "Æþelingas" hali kadhalika: "æþe" pigo moja.

Sasa rudia hesabu:

(Hwæt we) (Gar) (de) (na) — (in) (gear) (da) (gum)
(þeod) (cyn) (in) (ga) — (þrym) (ge) (fru) (non)
(hu ða) (æþe) (lin) (gas) — (el) (len) (freme) (don)

Silabi 9, 8 na 11 zote zimekuwa 4 na 4. Utauliza mbona "de" ya Gardena na "da" ya geardagum ni fupi na hazikuungana na jirani zake. Kwa sababu zimeligusa pigo zito lililo mbele yao moja kwa moja ("Gar", "gear"). Pigo zito likitangulia bila mteremko katikati, silabi fupi inaruhusiwa kusimama peke yake.

Mpangilio wa mapigo ndani ya kipande una sura 5 kuu, zilizoainishwa na Mjerumani Eduard Sievers mwishoni mwa karne ya 19 na kupewa herufi A mpaka E. "Þrym gefrunon" ni A: pigo, mteremko, pigo, mteremko. B ni kinyume chake, "ond Halga til". C huweka mapigo mawili pamoja katikati, "in geardagum". D na E zina pigo dogo la ziada: D ni kama "þeodcyninga", na E ni kama "weorðmyndum þah", ambayo huanza na kuishia kwa pigo. Usikariri herufi kwanza. Zoea nafasi 4, herufi zitakuja zenyewe.

Kuhusu sauti: angalia pigo la kwanza la utao. Hilo ndilo linaloamuru. Sauti yake ya mwanzo lazima iwemo kwenye ukwapi, kwenye pigo moja au yote mawili. Pigo la mwisho la utao halitakiwi kufanana nalo. Mfano safi ni mshororo wa 8:

weox under wolcnum — weorðmyndum þah

W, w, w, halafu þ. Mshororo wenye sauti moja kwenye mapigo yote manne, shaka kwanza hesabu yako.

Irabu hufungamana na irabu yoyote, na kutofautiana ndiyo kawaida. Mshororo wa 33, wakati wa mazishi ya mfalme Scyld, jahazi linapongoja bandarini: "isig ond utfus — æþelinges fær". I, u, æ. Limefunikwa barafu, liko tayari kung'oa nanga, chombo cha mwana wa mfalme.

tezi_na_omo

Kaditama kamaliza hesabu, mimi niongeze masikio, maana ukitamka vibaya hata hesabu inaharibika.

Msomaji wa Kiswahili ana makosa mawili yanayojirudia. La kwanza ni mkazo. Sisi tumezoea silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo ulimi unasema "freMEdon" na "æþeLINgas". Mkazo wao uko kwenye silabi ya kwanza ya shina: FREmedon, Æþelingas. Kiambishi ge- kila mara ni dhaifu, na be- na for- za vitenzi pia, ndiyo maana "gefrunon" mkazo wake uko "fru". La pili ni kuchomeka irabu. "Þrym" ukiisoma "thirimu" umeshazalisha silabi 3 kutoka 1, na kipande kimekufa.

Upande wa neema, sauti ambazo wengine huhangaika nazo sisi tunazo. Þ na ð ni herufi mbili za sauti ile ile, mwandishi hutumia yoyote: mwanzoni au mwishoni mwa neno ni th ya "thamani", katikati ya irabu ni dh ya "dhahabu". Kwa hiyo "æþelingas" ina dh. G katikati ya irabu nzito kama a, o, u ni gh ya "ghali": "dagum" ni "daghum". Sc ni sh. F katikati ya irabu ni v, "ofer" ni "over". H katikati ya neno kabla ya konsonanti, au mwishoni, ni kh ya "Khamisi". Y si ya kwetu: tamka i huku midomo imeviringwa kama ya u.

Sasa g yako. "Gar" ni g ya "gari", "gear" huanza na y ya "yai". Zinafungamana kwa sababu g nyingi zinazotamkwa y zilitoka kwenye g ya kawaida (ingawa ya "gear" ilikuwa y tangu zamani), na mapokeo ya ushairi yaliendelea kuzihesabu zote moja hata baada ya masikio kuzitenganisha. Katika shairi la vita vya Maldon, vilivyopiganwa Agosti 991, utaona mambo yamebadilika: g hizo mbili kwa kawaida hazifungamanishwi tena.

Kikwazo kingine: sp, st na sc kila moja hujitegemea. St hufungamana na st tu, si na s tupu. Tazama mishororo ya 212 na 213 ya Beowulf, shujaa mwenyewe na wenzake wakipakia chombo:

on stefn stigon — streamas wundon,
sund wið sande — secgas bæron

Wamepanda omo, mikondo inazunguka, bahari dhidi ya mchanga, wanaume wamebeba. Wa kwanza ni st tatu, wa pili ni s tatu. Kwa jicho la haraka ni s sita, lakini mtunzi hakuzichanganya hata moja.

mwanafasihi88

Shukrani sana, hii ya nafasi 4 imenifungua. Nimejaribu ile kauli ya mzee Byrhtwold kwenye Maldon:

Hige sceal þe heardra — heorte þe cenre,
mod sceal þe mare — þe ure mægen lytlað

Nimeweka mapigo kwenye hige, sceal, heardra, heorte, cenre, mod, sceal, mare, ure, mægen, lytlað. Tatu zinanizidi. Na "cenre" nimeisoma "chenre".

Kaditama

Tatizo ni kwamba umeyapa maneno yote hadhi moja. Nomino na vivumishi hubeba pigo kwanza. Vitenzi vyenye nafsi na wakati vinafuata, na mara nyingi hushuka. Viunganishi, vihusishi na viwakilishi kama "ure" hukaa mteremkoni, isipokuwa pakiwa na sababu ya pekee. "Sceal" ni kitenzi kisaidizi, kiteremshe:

(Hige) (sceal þe) (heard) (ra) — (heor) (te þe) (cen) (re)
(mod) (sceal þe) (ma) (re) — (þe ure) (mægen) (lyt) (lað)

"Hige" na "mægen" zina silabi fupi, kila moja ni pigo moja. H tatu, m tatu. "Cenre" na "lytlað" za mwisho haziingii, kama kanuni inavyotaka. Maana yake: nia izidi kuwa ngumu, moyo uzidi ukali, ushujaa uongezeke, kadiri nguvu zetu zinavyopungua.

"Cenre" ni k. Kanuni ya c kuwa ch mbele ya e na i ina mtego: pale ambapo hiyo e ilitokana na o ya zamani zaidi, c ilibaki k. "Cene" ni mojawapo. Toleo zuri la wanafunzi huweka nukta juu ya c na g zilizolainika na mstari juu ya irabu ndefu. Alama hizo ni za wahariri, lakini bila urefu wa irabu huwezi kujua silabi ipi iungane, kwa hiyo toleo lisilo nazo usilitumie kujifunzia arudhi.

Jambo jingine: Hwæt iko kwenye mteremko. Wanaoipigia kelele kama tarumbeta wanafuata alama ya mshangao, nayo ni ya wahariri.

Mshororo_Mrefu

Kuhusu pengo la katikati. Muswada wa Beowulf, ulioandikwa karibu mwaka 1000 na waandishi wawili (wa pili anashika kalamu kwenye mshororo wa 1939), umeandikwa mfululizo kama nathari, kutoka ukingo hadi ukingo. Ngozi ilikuwa ghali. Mishororo 3,182 tunayoihesabu leo na pengo lake ni kazi ya wahariri, lakini hawakubuni: wanafuata fungamano la sauti, linaloonyesha wazi ukwapi upi umefungwa na utao upi. Muswada mwingine, ule wa Oxford uitwao Junius 11, una nukta za wino kati ya vipande, kwa hiyo vipande wenyewe walivitambua.

Hapo arudhi inageuka kifaa cha fundi. Muswada wa Beowulf uliungua kingo katika moto wa 1731 jijini London na herufi zikaendelea kumong'onyoka. Kipande kikibaki na nafasi 3, au utao usipofungamana na ukwapi, mhariri anajua pana neno limepotea au mwandishi kakosea, na anajua pia neno la kurudishia lianze na sauti gani. Mashairi ya Kiswahili yaliyonakiliwa vibaya hukaguliwa hivyo hivyo kwa vina na mizani.

Tahadhari moja kwa mwanafasihi88: ukifika mishororo ya 1163 hadi 1168 hesabu ya 4 itagoma tena. Hiyo ni mishororo mirefu ya makusudi, kila kipande kimeongezewa pigo. Usiilazimishe.

tezi_na_omo

Na kabla mtu hajaja kuuliza kama twaweza kutunga hivi kwa Kiswahili: ngeli zinatuharibia. "Watu wawili wazuri walifika" tayari ina wa- nne bila mtunzi kufanya kazi yoyote, na zote ziko kwenye kiambishi, tena isipokuwa ya "watu" ziko nje ya mkazo. Atakayejaribu afungamanishe silabi zenye mkazo, yaani ya pili kutoka mwisho, asahau mwanzo wa neno.

mwanafasihi88

Nimerudi kwenye 212, "on stefn stigon": (on) (stefn) (sti) (gon). Sura C?

Kaditama

C. Na "sti" hapo ni ndefu au fupi haikuhangaishi, kwa sababu "stefn" imetangulia na ni nzito.