Naombeni msaada: weupe unageuka njano ndani ya Photoshop tu

MpigaPicha_Moro
Habari za jioni wakuu. Nina studio ndogo hapa Morogoro, kazi zangu nyingi ni harusi, send-off na picha za pasipoti. Tangu nibadilishe kioo cha kompyuta, kila cheupe ndani ya Photoshop kina umanjano, kama gazeti lililokaa juani. Shela, kanzu, hata faili jipya tupu lenye mandharinyuma nyeupe, vyote njano. Menyu na vitufe vya programu viko sawa, tatizo liko kwenye picha peke yake.

Picha hiyohiyo nikiifungua kwa Paint, shela ni jeupe. Nikiifungua kwa programu ya zamani ya kutazamia picha ya Windows, njano inarudi. Nikiituma kwenye simu iko safi. Kwa majaribio nilipunguza njano kwenye picha moja mpaka ikakaa vizuri kwenye kioo, nikaipeleka kusafishwa. Imerudi na ubuluu, ngozi ya bibi harusi imepauka kabisa.

Ijumaa natakiwa kukabidhi albamu na sithubutu kugusa rangi. Natumia Windows 10. Nianzie wapi?

Kijana_Ilala
Pole mkuu. Futa Photoshop, isakinishe upya. Kama hutaki kwenda mbali hivyo, shikilia Ctrl, Alt na Shift kwa pamoja inapoanza kufunguka, itakuuliza kama ufute mipangilio, kubali.

Msafi_wa_Picha
Angalia Night Light ya Windows, inaleta umanjano jioni.

MpigaPicha_Moro
Night Light imezimwa. Mipangilio nimefuta, njano iko palepale.

Binti_Pangani
Kaka, umebonyeza Ctrl+Y bila kujua? Hiyo huwasha mwonekano wa kuigiza uchapishaji na rangi hufifia. Tazama juu kwenye jina la faili: baada ya RGB/8 ukiona CMYK imeongezeka, ndiyo hiyo.

MpigaPicha_Moro
Dada, inasoma RGB/8 basi.

Mkufunzi_Tanga
Mdogo wangu, usiiguse picha yoyote kwanza. Tujue njano iko ndani ya faili, iko kwenye kioo, au inaongezwa njiani. Fanya mambo mawili. Fungua lile faili tupu jeupe, bonyeza F8 itokee paneli ya Info, peleka kishale juu ya weupe, uniandikie namba za R, G na B. Kisha piga skrinishoti ya Photoshop ikiwa hivyo, uitazame kwenye simu.

MpigaPicha_Moro
Namba ni 255, 255, 255. Skrinishoti nimeituma kwenye simu na njano inaonekana mpaka huko! Hapo ndipo nilipochanganyikiwa zaidi.

Mkufunzi_Tanga
Hapo umepata jibu. 255 tatu ni weupe kamili, kwa hiyo faili ni zima. Kioo kingekuwa ndicho chenye njano, au Night Light, skrinishoti isingeibeba, kwa sababu hivyo hutia rangi baada ya kompyuta kumaliza kuandaa picha ya kioo. Skrinishoti imeibeba, maana yake Photoshop yenyewe ndiyo inayopeleka njano kwenye kioo. Na inafanya hivyo kwa sababu imeambiwa.

Inaambiwa na profaili ya kioo. Hilo ni faili dogo linaloeleza kioo chako kinavyotoa nyekundu, kijani na buluu. Photoshop hulisoma kila inapofunguka na kurekebisha rangi ili kasoro za kioo zifutike. Profaili ikisema kioo kina ubuluu mwingi na wala hakina, Photoshop inaongeza njano kufidia kasoro isiyokuwepo. Paint haisomi profaili, ndiyo maana shela ni jeupe kule. Ile programu ya zamani ya Windows inaisoma, ndiyo maana nayo ina njano. Na wewe ulipoondoa njano isiyokuwemo kwenye picha, kilichobaki cha kuchapishwa kilikuwa ni ubuluu.

Bila shaka kioo kilikuja na diski ya draiva nawe ukaisakinisha. Profaili imeingia na hiyo.

Bonyeza alama ya Windows pamoja na R, andika colorcpl, Enter. Chagua kioo chako juu, weka tiki kwenye "Use my settings for this device". Bonyeza Add, tafuta sRGB IEC61966-2.1, yaani profaili ya rangi ya kawaida, iongeze, kisha "Set as Default Profile". Funga Photoshop kabisa na uifungue upya, maana isiposoma upya hutaona mabadiliko.

Kijana_Ilala
Kumbe kuna njia fupi. Ctrl+Shift+K, kwenye RGB chagua Monitor RGB. Nimejaribu kwangu, rangi zinalingana na Paint.

Mkufunzi_Tanga
Usimshauri hivyo tafadhali. Ni kweli njano itatoweka machoni pake kwenye faili jipya, lakini profaili ileile mbovu itakuwa imekuwa rangi ya kazi yake. Itapachikwa kwenye picha anazohifadhi, na kosa litasafiri hadi kwa anayesafisha. Dirisha hilo lina faida moja hapa: mbele ya maneno Monitor RGB utaona jina la profaili ambayo Photoshop inaisoma. Soma jina, usilichague.

MpigaPicha_Moro
Mungu akubariki mwalimu. Kwenye lile dirisha lilikuwa jina la modeli ya kioo, sasa linasoma sRGB na shela ni jeupe. Ile niliyoipunguza njano imeonekana ya buluu vilevile kama ilivyorudi. Ya awali ninayo, nitaanza nayo upya.

Msafi_wa_Picha
Nidandie hapahapa. Picha zangu kwenye Photoshop zimeiva, nikiwatumia wateja wanasema zimepauka. Ni profaili pia?

Mkufunzi_Tanga
Inawezekana kamera yako umeiweka Adobe RGB, mfumo mwingine wa rangi. Hiyo ni ya mwaka 1998 na ina kijani pana kuliko sRGB, ambayo HP na Microsoft waliipendekeza 1996 na ndiyo inayotarajiwa na simu na mitandao mingi. Profaili ikidondoka njiani, namba zilezile zinasomwa kama sRGB na rangi zinapooza. Kabla ya kutuma, nenda Edit, "Convert to Profile", chagua sRGB. Usiguse "Assign Profile" iliyo juu yake. Hiyo inabadilisha jina la profaili na kuacha namba zilezile, hivyo utaona rangi zinaruka mbele ya macho yako.

Binti_Pangani
Mwalimu, hiyo sRGB aliyowekewa Moro inamtosha kwa albamu?

Mkufunzi_Tanga
Inamtosha kuvuka Ijumaa. sRGB ni ya jumla, haikijui kioo chake. Kwa kazi ya kudumu atafute kifaa cha kupimia, Spyder au Calibrite, hata kwa kuchanga na wenzake, maana kinapima vioo vingi. Programu ya DisplayCAL haiuzwi, lakini bila kifaa haipimi. Kioo kiwake kama nusu saa kabla ya kupimwa, na mwanga ushushwe: wengi huweka kati ya 80 na 120 cd/m², kipimo cha mwangaza wa kioo. Picha nyingi zinazorudi na giza zilieditiwa kwenye kioo kinachowaka kupita kiasi. Na asikope profaili ya rafiki hata kama vioo ni modeli moja.

Moro, kabla ya albamu nzima peleka picha chache ndogo, moja ya shela na moja ya uso wa karibu, uzitazame dirishani mchana.

MpigaPicha_Moro
Asubuhi nazipeleka. Swali la mwisho: nikichomeka kioo cha zamani pembeni, nacho kitatumia profaili hii?

Mkufunzi_Tanga
Hapana, kila kioo kina yake. Kwenye dirisha lilelile bonyeza "Identify monitors", namba itatokea kwenye kila kioo. Chagua cha pili, urudie hatua zilezile.