Tupeane uzoefu: Bomu la machozi, kirungu, washawasha (gari la polisi la maji ya kuwasha). Wana Mbeya, Iringa na Nyanda za Juu Kusini tukutane hapa

Kijana wa Mwakaleli
Wakuu habari za jioni. Leo jirani yangu hapa Soweto ya Mbeya kakaanga pilipili kichaa mlango wazi, nyumba nzima tukatoka nje tunakohoa na kupiga chafya. Mke wangu mtu wa Singida, anacheka tu. Mimi kichwa kilikuwa kishanirudisha Mwanjelwa, Novemba 2011, zile siku za machinga kupambana na askari. Waliokuwepo mjini wanajua, sina haja ya kueleza ilianzaje. Nilikuwa nashona viatu kandokando ya lami na nilikula moshi bila kurusha hata kokoto. Mwenye kisa chake amwage hapa. Siasa tuziache nje, kama mtaweza.

Bajaji ya Sae
Nipo paleeee. Mkuu umenikumbusha mbali. Tulikuwa shule, moshi ukaletwa na upepo mpaka darasani, mwalimu wa hesabu ndiye wa kwanza kutokea dirishani.

Mama Tusajigwe
Mimi nitaandika kirefu, mnivumilie wanangu.

Nilikuwa na mitumba yangu ya watoto. Mabomu yalipoanza kulia, ya kwanza tukadhani tairi la lori. Ya pili tukajua. Mwenye stoo mmoja akatuonea huruma, akasema ingieni humu na mizigo yenu. Tukaingia, wanawake wengi, na baba mmoja muuza mchele. Yule mwenye stoo akafunga kufuli kwa nje ili vibaka wasituingilie, akaondoka na ufunguo wake. Nia yake ilikuwa njema, simlaumu.

Sasa lile stoo juu, kati ya ukuta na bati, palikuwa na uwazi wa kupitisha hewa. Kikopo cha bomu kikapitia hapohapo. Sijui kilikuwa kimelengwa kwetu au kiligonga nguzo kikaruka, Mungu ndiye anajua. Kikaanguka juu ya belo, kikadunda kwenye sementi, kikaanza kuzunguka chenyewe kinafoka, tsssss, moshi mweupe mzito. Msichana mmoja akataka kukirusha nje kwa mkono, akapiga yowe, kilikuwa cha moto kama pasi. Yule baba wa mchele akamwaga mchele wake chini, akakifunika na karai, akaweka gunia juu, akakanyaga. Moshi ukawa unatoka pembeni kidogo kidogo.

Macho hayafunguki. Kifua kinabana, unavuta pumzi haiji. Makamasi, mate, machozi, vyote kwa pamoja, na watu wanajitapikia. Tunapiga bati la mlango, huko nje kila mtu anakimbia na roho yake. Kulikuwa na binti wa jirani yangu mwenye pumu, akaacha kukohoa. Hapo ndipo nilipoogopa. Anayekohoa bado anapumua. Midomo ikawa ya kijivu.

Vijana waliokuwa wanapita, hao hao mnaowaita wahuni, wakavunja kufuli kwa nondo. Binti tukampakia kwenye mkokoteni wa magunia hadi zahanati. Alipona. Ila hadi leo kukipikwa na kuni mbichi, anaondoka.

Kamwene Jr
Daah. Pole sana mama.

Bajaji ya Sae
Mama umenitoa machozi bila bomu.

Nesi wa Makambako
Pole mama. Wengi hatujui kwamba ile si gesi hasa. CS, ile kemikali ya mabomu ya machozi, kwa asili ni unga, ule moto wa kwenye kikopo unaupeperusha kama vumbi laini, unakaa kwenye macho, jasho na nguo. Uwanjani upepo unautawanya, dakika chache mtu anarudi kawaida. Chumba kilichofungwa ni habari nyingine, kila pumzi inaongeza kipimo, na mwenye pumu au mtoto mchanga anaweza kufa. Unga wenyewe ni mzito, unashuka chini, kwa hiyo ukilala sakafuni unaufuata.

Ikikukuta: toka penye hewa, simama upande upepo unakotoka, usifikiche macho, osha kwa maji mengi safi ya baridi, vua nguo za juu. Na ninyi watu wa baridi mnaojipaka mafuta mgando usoni asubuhi, unga unanatia hapohapo.

Mpasua Mbao
Maji ndiyo yanazidisha kuwasha, dada. Dawa ni maziwa.

Kijana wa Mwakaleli
Sisi tulipaka dawa ya meno chini ya macho.

Mpasua Mbao
Ikasaidia?

Kijana wa Mwakaleli
Tulilia tukiwa tunanukia.

Kamwene Jr
Iringa tunatumia ulanzi. Unakunywa kabla, mabomu hata huyasikii.

Nesi wa Makambako
Maziwa hayajathibitishwa kuzidi maji, na yakiwa machafu unaongeza maambukizi machoni. Maji mwanzoni yanawasha ngozi, kweli, ila endelea kumwaga. Ulanzi sina la kusema.

Afande Mstaafu
Nimesoma yote. Mama pole. Lakini tuwe wakweli, mimi nimesimama upande wa pili na ngao, mawe yanakuja kama mvua, mwenzangu alipasuliwa taya. Mngetaka tutumie nini? Kabla ya vifaa hivi kulikuwa na rungu na risasi ya moto tu. Hata Umoja wa Mataifa, katika ile misingi ya mwaka 1990 ya matumizi ya nguvu, ulihimiza polisi wapewe silaha zisizoua ili wapunguze kuua.

Mtu wa Nyololo
Afande, zisizoua? Septemba 2, 2012, Nyololo, Mufindi. Daudi Mwangosi, mwandishi wa Channel Ten, alikufa kwa hicho hicho kifaa chenu "kisichoua", kimefyatuliwa karibu na mwili. Picha dunia nzima iliona. Usitufundishe hapa.

Afande Mstaafu
Na askari aliyefyatua alishtakiwa Mahakama Kuu Iringa, 2016 akafungwa miaka 15 kwa kuua bila kukusudia. Sijatetea lile. Bunduki ya gesi unainua mtutu, kikopo kinapaa kinashuka mbele ya watu. Humlengi mtu. Kuruti yeyote anajua.

Mtu wa Nyololo
Anajua darasani.

Afande Mstaafu
Njoo usimame wewe siku moja na mawe yanashuka tuone utainua mtutu nyuzi ngapi.

Mtu wa Nyololo
Kwa hiyo unakiri.

Kijana wa Mwakaleli
Jamani, jamani. Nilisema siasa nje.

Mtu wa Nyololo
Kufa si siasa.

Dereva wa IT
Tuache ugomvi. Mimi kabla ya kuanza kupeleka magari Tunduma nilikuwa Johannesburg natafuta maisha. Kule ni risasi za mpira. Siku hiyo maandamano si yangu, nimetoka kununua mkate. Nikasikia paaa, mguu ukawa si wangu. Ilinipata pajani, ikaacha duara jeusi katikati jekundu, upana wa kisahani cha chai, nililalia upande mmoja wiki nzima. Jamaa tuliyekuwa tunaishi chumba kimoja ilimpata jichoni. Jicho lilikwenda. Yuko Kyela sasa analima kakao, mkimwona na miwani nyeusi msidhani ni mbwembwe.

Mwalimu Rungwe
Dereva, hizo za mpira Waingereza walianza kuzitumia Ireland ya Kaskazini mwaka 1970, baadaye wakahamia za plastiki. Zote pamoja ziliua watu 17, na kati yao wamo watoto. Mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa 2020 unasema zilengwe tumbo la chini au miguuni, si kichwani.

Na kuna jambo huwa nawaambia wanafunzi wangu hawaamini. Bomu la machozi vitani ni marufuku. Mkataba wa silaha za kemikali wa 1993 unakataza jeshi kulitumia kama mbinu ya vita, ila unaruhusu polisi kutuliza ghasia ndani ya nchi.

Bajaji ya Sae
Mwalimu subiri. Kumpiga adui nalo hairuhusiwi, kumpiga Mama Tusajigwe inaruhusiwa?

Mwalimu Rungwe
Ndivyo ilivyoandikwa. Sababu yake ni kwamba askari akiona moshi unakuja hawezi kujua ni wa kuwasha au wa kuua, atajibu kwa mbaya zaidi. Kwenye Vita Kuu ya Kwanza walianza na gesi ya kutoa machozi 1914, Aprili 1915 Wajerumani wakafungulia klorini kule Ypres. Marekani nao Vietnam waliimwaga CS kwenye mahandaki ili wapiganaji watoke wapigwe risasi, kwa hiyo "isiyoua" ikawa mlango wa kuua. Na Moscow, Oktoba 2002, vikosi vilipuliza dawa ya usingizi kwenye ukumbi wa maonyesho ili kuwaokoa mateka. Mateka wapatao 130 walikufa, wengi kwa ile dawa yenyewe.

Kamwene Jr
Ukumbi uliofungwa. Sawa na lile stoo.

Afande Mstaafu
Kwa hilo Mwalimu sina ubishi. Sisi tulikatazwa kufyatua ndani ya nyumba. Kama kuna aliyefyatua, alikosea.

Mtu wa Nyololo
Asante. Umechelewa ila asante.

Mpasua Mbao
Hivi ile rangi ya maji ya washawasha inatolewaje? Mdogo wangu ana koti la suti.

Bajaji ya Sae
Alivaa suti kwenda kwenye fujo?

Mpasua Mbao
Alikuwa anatoka kwenye kipaimara.

Nesi wa Makambako
Maji baridi na sabuni ya unga, peke yake, usichanganye na nguo nyingine. Ngozi ioshwe kwanza, koti baadaye.

Kamwene Jr
Mama Tusajigwe, yule baba wa mchele yuko wapi siku hizi?

Mama Tusajigwe
Yupo, anauza palepale Kabwe. Mchele alioumwaga tulimchangia. Mguu uliungua kidogo, kiatu kiliyeyuka soli. Akimaliza kusimulia kisa hiki karai linazidi kuwa kubwa kila mwaka.

Dereva wa IT
Anauza grade one ya Kyela kilo bei gani? Natoka Tunduma Ijumaa.