Tumehamishwa kutoka PHP hadi Node.js, na neno “ng'ombe” bado linaiangusha tovuti

Ndugu wanajukwaa, nimeudhika na sitaificha. Tovuti yetu ya orodha ya vitabu vya ufugaji, iliyoandikwa kwa PHP (lugha ya kuandikia programu za tovuti zinazoendeshwa kwenye seva), ilikuwa ikifunguka kwa kusuasua, na mtaalamu tuliyemwita alituhakikishia kwamba PHP imepitwa na wakati na kwamba dawa pekee ni kuiandika upya kwa Node.js, yaani JavaScript inayoendeshwa kwenye seva. Tulilipa, tukasubiri miezi mitano. Siku ya kwanza niliandika “ng'ombe” katika kisanduku cha kutafutia, ukurasa ukanirushia kosa la sintaksia ya SQL (lugha ya kuiuliza hifadhidata), lile lile la zamani.

Chanzo ni ritifaa, ile alama ( ' ) iliyo ndani ya neno hilo. Msimbo mpya, kama ule uliotupwa, unayachukua maandishi ya mtumiaji na kuyabandika moja kwa moja ndani ya sentensi ya SQL, hivyo hifadhidata huidhania alama hiyo kuwa mwisho wa maandishi na kukisoma kinachofuata kana kwamba ni amri. Mwenye nia mbaya atapenya katika tundu hilo hilo hadi kwenye jedwali la nywila. PHP inayo PDO, kiungo chake cha kuwasiliana na hifadhidata, tangu toleo la 5.1 la mwaka 2005, ambayo humwezesha fundi kuandika swali la SQL kando na kupeleka thamani zake kando, na fanksheni kongwe zisizo na uwezo huo, kama mysql_query, ziliondolewa kabisa katika toleo la 7.0 mwaka 2015. Wanaoandika tovuti kwa JSP ya Java wana PreparedStatement, wa ASP.NET ya Microsoft wana vigezo, na hata maktaba za Node.js za kuunganisha na MySQL, hifadhidata tunayoitumia, zinaruhusu jambo hilo hilo. Lugha gani, basi, ilimnyima mtaalamu wetu njia salama?

Kuhusu kasi, nilifungua kumbukumbu za MySQL, nikakuta ukurasa mmoja wa vitabu 50 unatuma maswali 51: moja la orodha, kisha moja kwa kila kitabu ili kumtafuta mwandishi wake, kazi ambayo JOIN moja (amri ya SQL ya kuunganisha majedwali katika swali moja) ingeimaliza. Ni kweli kwamba Node.js huendelea kuwahudumia wengine huku ikisubiri jibu la hifadhidata, na sifa hiyo siidharau, lakini haipunguzi hata swali moja kati ya hayo. (Enzi za CGI, njia ya zamani ya seva kuendesha programu za tovuti, kila ombi lilipoanzisha mchakato mpya kwenye seva, kubishania namna ya kuendesha skripti kulikuwa na mantiki zaidi.)

Nimemwandikia mtaalamu huyo mara tatu, nikimwambatishia kumbukumbu hizo zote. Jibu lake lilifika jana: anapendekeza tuhamie Python.